Maswali ya Wasomaji: Land Rover ya Zamani na Yanayoila

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wenye Land Rover za Series, yaani zile zilizotangulia Defender na ambazo zina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, waniandikie yanayowasumbua. Barua zimefika kutoka Tanga, Moshi, Voi, Dodoma na hata Muscat. Nimechagua tano, na kwa kuwa mimi mwenyewe naendesha 109 (yaani ile yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma; fupi yake ni 88) ya mwaka 1974, nimezijibu kwa moyo wote.

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Tanga, si mbali na bahari. Marehemu baba ameniachia Series III, 109, ya mwaka 1976. Injini inawaka vizuri na bodi haina kutu hata kidogo, lakini fundi aliyeiinua juzi aliniambia kwamba chesisi imeliwa. Anasema ataifunika kwa mabati na kuyachomelea, kazi ya siku moja. Nikubali?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kazi hiyo ya siku moja usiikubali.

Bodi ya gari lako haina kutu kwa sababu si ya chuma. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao, kwa hiyo waundaji wakaivika gari yao aloi ya alumini. Utaratibu huo ukaendelea hata baada ya mgao kwisha, nao ndio unaowaponza wenye magari haya mpaka leo, maana mtu huiona bodi nzima akaamini kwamba gari ni zima, kumbe chini yake kuna chesisi ya chuma cha kawaida kabisa. Chesisi hiyo imeundwa kwa mabamba yaliyounganishwa yakawa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Matope na maji ya chumvi huingia humo kupitia matundu madogo na kukosa pa kutokea, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona tundu kwa nje, elewa kwamba upande wa ndani ulikwisha siku nyingi.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, chukua nyundo ndogo, bisibisi kuukuu na chaki, kisha uingie chini ya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne mahali palipo tambarare. Gonga polepole kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayosikika kama kengele; kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa, kama unagonga gunia la mchele. Penye mlio huo, chomeka bisibisi. Ikizama, chora duara kwa chaki. Kagua hasa boksi la mwisho kabisa nyuma, mahali springi zinapofungwa, ile mikono inayotoka pembeni ya chesisi kushikilia bodi, na pembe mbili za mbele zinazobeba bampa. Inua pia mikeka ya miguuni, kwa sababu ule ukuta unaotenga injini na abiria nao ni wa chuma, na huoza pale hasa dereva anapoweka kisigino.

Kuhusu kuchomelea, bati likibandikwa juu ya kutu huishika pembeni tu ya chuma kilichokwisha, na katikati hubaki mfuko wa kuhifadhi maji. Fundi anayejua kazi atakata sehemu mbovu mpaka afike kwenye chuma king'aavu, kisha ataziba kwa bamba la unene wa milimita 2 au 3 na kulichomelea mzunguko mzima. Kabla ya kukata ataegemeza chesisi juu ya stendi sehemu kadhaa ili isipinde, na atapima kwa utepe kutoka kona hadi kona, kulia na kushoto, ahakikishe vipimo vinalingana. Atafungua betri na nyaya za alteneta. Tangi la petroli, ambalo katika nyingi ya gari hizi limekaa chini ya kiti cha mbele, atalitoa na kuliweka mbali. Mtu asikwambie kwamba tangi ni tupu kwa hiyo halina neno. Tangi tupu limejaa mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka.

Jambo jingine linalosahaulika ni namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa mbele kulia, karibu na mahali springi inapofungwa. Eneo hilo nalo huliwa na kutu, na nimewahi kuona fundi akilikata na kulitupa kwenye rundo la vyuma chakavu bila kujua alichokitupa. Mwenye gari alibaki na kadi yenye namba ambayo gari halikuwa nayo tena. Ipige picha namba hiyo leo, na umwelekeze fundi mahali ilipo kabla hajawasha mashine.

Kazi ikiisha, hakikisha matundu ya kutolea maji yako wazi, kisha upulize nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi. Najua desturi yetu ya kupulizia oili chafu. Haizuii kutu kama nta, ingawa ni nafuu kuliko kuacha chuma kitupu. Ila isiguse bushi za mpira wala hozi za breki, na isipulizwe kamwe kabla ya kuchomelea. Kwa kuwa uko pwani, osha uvungu wa gari kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila mwezi. Ukiona unga mweupe mahali alumini inapokutana na chuma, jua kwamba chumvi imezichonganisha metali hizo mbili na alumini ndiyo inayoliwa. Fungua bolti, safisha, paka rangi pande zote mbili na uweke kipande chembamba cha mpira katikati kabla ya kufunga.

*Ndugu mwandishi, Land Rover yangu ya petroli, Series III, hupandisha joto kila ninapotoka Himo kwenda Marangu na siku hizi haina nguvu. Rafiki zangu hapa Moshi wananishauri niitoe injini na kuweka ya dizeli ya Kijapani. Nimeshapata ya kununua. Una maoni gani?*

Ndugu yangu wa Moshi, maoni yangu ni kwamba usiinunue kwanza.

Injini yako ya lita 2.25, yaani sentimita za ujazo 2,286, ina nguvu za farasi zipatazo 70, na kila kilicho nyuma yake kiliundwa kwa kuzifikiria farasi hizo. Ukiweka injini yenye nguvu zaidi, mzigo unahamia kwenye shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, ambazo hata kwa injini yake ya asili zina sifa ya kukatika. Ikiwa injini mpya ni nzito kuliko ya zamani, springi za mbele zitalala na usukani utakuwa mgumu. Na la kuogofya zaidi ni breki, ambazo ni dramu magurudumu yote manne: gari litakimbia kuliko zamani, lakini litasimama kwa nguvu ileile ya zamani. Nimekutana na magari ya namna hii mengi, na karibu katika kila moja fedha iliishia kwenye injini na hakuna kilichobaki kwa ajili ya breki. Kwenye kadi ya gari kuna namba ya injini pia, hivyo mabadiliko hayo lazima yaandikishwe, jambo ambalo muuzaji wa injini hatakukumbusha.

Injini yako ya sasa ipimwe kwanza, na ipimwe kwa vipimo, si kwa sikio. Anza na tepeti, yaani vile vipande vinavyobonyeza valvu. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.25 kwa valvu zote 8, za kuingiza na za kutoa, na hupimwa kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vyenye unene maalumu, ambayo haizidi bei ya chakula cha mchana. Ondoa plagi, fungua kifuniko cha juu, zungusha injini kwa hendeli mpaka valvu moja ibonyee kabisa, kisha urekebishe ile ambayo namba yake ukiijumlisha na namba ya iliyobonyea unapata 9: ya 8 ikibonyea rekebisha ya 1, ya 6 ikibonyea rekebisha ya 3, na kuendelea hivyo. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa ndani ya kitabu. Halafu nenda kwenye pointi za distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ambazo nafasi yake ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kwa gari ambalo halijaguswa kwa miaka, mambo haya mawili peke yake hurudisha nguvu kiasi cha kumshangaza mwenyewe.

Andika vipimo vya tepeti kwenye daftari. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo yalikuwa yakizilinda siti za valvu, yaani mahali valvu zinapokalia zikijifunga, zisilike. Mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli hiyo iliondolewa sokoni karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, na ni heri kubwa kwa afya za watoto wetu. Lakini siti za valvu za kutoa katika injini za zamani zinaweza kuzama kidogo kidogo. Dalili yake ni kwamba nafasi ya tepeti inazidi kupungua kila unapoipima. Ukiona hivyo, hedi itakapotolewa safari nyingine ipeleke kwenye karakana ya kukereza vyuma wakuwekee siti ngumu.

Kuhusu joto, toa rejeta uisafishe kikweli. Mimina maji kupitia mdomo wa juu na utazame yanavyotoka chini; yakitoka kwa kusuasua, mirija imeziba na mtengeneza rejeta ataifungua na kuizibua kwa vijiti. Kisha uulize kama themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ipo. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa wakidhani wanaisaidia injini, na matokeo yake ni kwamba injini inatembea ikiwa baridi asubuhi na huku Marangu joto linapanda vilevile, kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta. Weka themostati mpya. Baada ya hayo yote, pima mgandamizo wa kila silinda. Zikilingana na mgandamizo usiwe mdogo, injini yako bado nzima. Ikiwa bloku imepasuka hilo ni jambo jingine, na hapo tutazungumza tena kuhusu Mjapani, tukianza na breki.

*Bwana mwandishi, mimi ni mama mfanyabiashara hapa Voi. Natumia Land Rover kubebea mboga. Nikiwa kwenye barabara ya Mombasa, lori likinipita, gari langu huyumba na inanibidi kuzungusha usukani karibu robo nzima kabla magurudumu hayajaitika. Nimeambiwa Land Rover zote ndivyo zilivyo.*

Mama, uliyeambiwa na yeyote yule, usimsikilize. Gari hizi zina usukani mzito, lakini robo ya mzunguko ni hatari, na kwenye barabara ile yenye malori usiku na mchana naomba usisafiri tena mpaka pametengenezwa.

Kati ya usukani na magurudumu kuna boljointi sita, yaani viungo vyenye kichwa cha mviringo vinavyounganisha fimbo za usukani. Kila moja ikilegea kidogo tu, jumla yake ni huo uyumbaji unaousikia. Mwombe mtu akae kwenye kiti akichezesha usukani kushoto na kulia, taratibu, magurudumu yakiwa chini, nawe au fundi wako mshike kila boljointi kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Iliyochoka utaisikia mkononi: upande mmoja unatangulia na wa pili unafuata ukiwa umechelewa. Baada ya hapo inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, ama beringi imelegea ama kingpini, ile pini ambayo gurudumu huizunguka linapokata kona, imekwisha, na ukimwambia mtu akanyage breki wakati unasukuma utajua ni ipi, kwa maana mchezo ukitoweka kosa lilikuwa kwenye beringi.

Nimeacha kwa makusudi sehemu moja iliyosimama ndani ya chesisi kwa mbele, ambayo hupokea mwendo kutoka kwenye boksi la usukani na kuuvusha upande wa pili. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa mno, na mtu akiifungua bila kujua inaweza kufyatuka na kumvunja taya. Ikiwa fundi wako hajawahi kuigusa, mpelekee mwingine ambaye amewahi. Mara nyingi haihitaji kufunguliwa; inahitaji oili, ambayo hakuna anayekumbuka kuiongeza.

Jambo la mwisho, mama, ni matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonesha lini tairi lilitengenezwa: 3215, kwa mfano, ni wiki ya 32 ya mwaka 2015. Mpira ukishapita miaka kumi hubadilishwa hata kama kashata zake bado ndefu.

*Shikamoo mzee. Niko Dodoma. Breki ya mkono ya Land Rover yetu haishiki kabisa hata baada ya kukazwa. Nifanye nini?*

Marahaba, kijana. Breki ya mkono ya gari hili haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye dramu moja nyuma ya gia boksi, mahali propela shafti ya nyuma, ule mhimili unaopeleka mwendo kwenye ekseli, inapoanzia. Sili ya oili iliyo hapo ikichoka, oili hudondokea ndani ya dramu na kulainisha kile kilichotakiwa kukwaruzana, na hata ukikaza namna gani haitashika. Badilisha sili, osha dramu kwa petroli kidogo ukiwa nje mbali na moto, na uweke viatu vipya vya breki, kwa sababu vilivyokwisha kunywa oili haviponi.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo nataka ulijue kabla ya kushika jeki. Kwa kuwa breki hiyo hushika propela shafti tu, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa hewani, difu, yaani gia za katikati ya ekseli, inaliruhusu lizunguke, na lile lililobaki chini nalo linakuwa huru. Gari linaondoka huku breki ya mkono imevutwa. Yalinifika mwenyewe miaka mingi iliyopita kwenye kilima kimoja Lushoto, tairi la nyuma lilipopasuka. Nilivuta breki kwa nguvu zangu zote, nikainua, na nilipokuwa nafungua nati ya tatu gari lilianza kuteremka polepole bila sauti, likaangusha jeki. Mwanangu alikuwa amechuchumaa hatua mbili kutoka hapo akinishikia spana. Hakuumia. Tangu siku ile nina kabari mbili za mbao za mninga nyuma ya kiti, na hakuna gurudumu linaloinuka kabla hazijakaa mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Chonga za kwako wiki hii.

*Assalaam alaykum. Mimi naishi Muscat, lakini gari langu, Series IIA, liko Unguja chini ya banda. Halijawashwa tangu mwaka juzi. Natarajia kuja likizo na nataka kulitumia. Ndugu zangu wanasema watalisukuma liwake kabla sijafika.*

Wa alaykum salaam. Waambie ndugu zako wasilisukume, na uwashukuru.

Breki ndizo za kwanza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na kwa hewa ya Unguja miaka miwili inatosha kuzifanya pistoni za ndani ya magurudumu zigande kwa kutu. Nyingi ya gari za umri huo zina saketi moja tu ya breki, maana yake bomba moja likitoboka popote, pedali inazama na magurudumu yote manne hayana breki. Kwa hiyo dramu zote zifunguliwe, mabomba yakaguliwe kwa tochi, mipira ya silinda na hozi ibadilishwe, na mafuta yawekwe mapya. Kazi hii ifanywe kabla injini haijawaka, kwa kuwa gari likishawaka kila mtu atataka kuliendesha.

Petroli ya miaka miwili imwagwe yote, na mirija ya mpira inayoipeleka kwenye kabureta ibadilishwe, kwani hukauka na kupasuka, na hudondokea injini ya moto. Oili ibadilishwe pia. Kisha toa plagi nne, mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila tundu, na uiache usiku kucha. Asubuhi, plagi zikiwa bado nje, chukua hendeli uizungushe injini kwa mkono. Ikikataa, usiilazimishe, ongeza oili na usubiri siku nyingine. Ikikubali, endelea taratibu mpaka uone oili imefika juu kwenye tepeti, ndipo urudishe plagi na kufunga betri.

Maswali ya toleo lijalo yatahusu gia boksi na difu. Anayeandika ataje mwaka wa gari, kama ni 88 au 109, na kama ni petroli au dizeli.